Pilau mbili, faili moja

Kwetu pilau ziko mbili. Ya mama inatoka nyeusi kidogo, kwa kuwa vitunguu vinakaangwa mpaka vinakaribia kuungua, na nyanya haiingii hata kwa bahati mbaya. Ya mama mkubwa ina nyanya mbili za kusaga na viazi vilivyokaangwa kwanza pembeni, na yeye anaiita pilau bila haya yoyote. Ndugu hawa wamezaliwa nyumba moja Ngamiani, Tanga, wamefundishwa jikoni na mama mmoja, na wote wawili wanaapa kwamba hivyo ndivyo marehemu bibi alivyokuwa akipika. Nilipoanza kukusanya mapishi ya ukoo na kuyaweka mahali pamoja, wa kwanza kunijia juu walikuwa wao. Kila mmoja alitaka kujua: itakayoandikwa "pilau" ni ipi?

Zimeandikwa zote. Moja ni Pilau ya Barabara ya Tisa, nyingine ni Pilau ya Chumbageni, kila moja kwa mtaa wa mwenyewe, na ziko kwenye karatasi moja, hii upande huu na ile upande wa pili, ili asiwepo wa kusema ya mwenzake imetangulia. Mama akauliza upande wa mbele ni upi.

Kabla ya hapo mapishi yetu yalikuwa yametapakaa. Mengine yalikuwa kwenye kaunta buku la kwaya mbili ambalo shangazi alilianza zamani akijifunza ushonaji: kurasa za mwanzo ni vipimo vya magauni, za mwisho ni keki na biskuti. Katlesi zilikuwa nyuma ya ratiba ya Ramadhani, ile wanayogawa msikitini ya kubandika ukutani, na ukiigeuza unaona bado saa za kufuturu za mwaka ambao nusu ya wajukuu walikuwa hawajazaliwa. Tambi za sukari ziliandikwa kwenye bahasha ya kadi ya harusi. Yapo yaliyozama kwenye kundi la familia la WhatsApp, kati ya salamu za Ijumaa na picha za watoto, na ukiyatafuta huyapati, maana aliyeyatuma aliandika tu "ile ya jana ndio hii". Na yale hasa yanayopikwa kila wiki hayakuwa popote. Yalikuwa mikononi mwa watu watatu, wote wamevuka miaka 60.

Vitabu vya mapishi vina mpangilio wao unaojulikana: wanga, mboga, nyama, samaki, vitafunio, vinywaji. Unamfaa mwalimu wa upishi. Nyumbani sijawahi kusikia mtu akiuliza leo tule wanga gani. Kinachosikika ni "Futari leo nini?", au "Wageni wa Dar wameshafika Segera, mnasubiri nini?", au "Mdogo wako amejifungua", au "Jumamosi kuna arobaini kwa jirani, tunapeleka nini?" Nyumba ilikuwa imeshapanga mapishi yake siku nyingi kabla sijanunua faili. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wanavyoomba chakula, na kila namna ya kuomba nikaipa sehemu yake: siku za kawaida, wageni, Ramadhani na Idi, mzazi na mgonjwa, shughuli. Samaki wa kupaka yuko kwa wageni. Mchuzi wa dagaa uko siku za kawaida. Mtu akitaka kunionyesha kwamba wote wawili ni samaki, sina ubishi naye, ila akifika jikoni ataona mmoja unampika umevaa khanga ya ndani na mwingine unampika umeshaoga.

Sehemu ya Ramadhani ndiyo iliyonithibitishia kwamba kupanga kwa aina ya chakula kungetupotezea maarifa. Tazama inavyokwenda alasiri. Nazi zinakunwa zote mara moja. Tui la kwanza, lile zito, linawekwa pembeni kwenye bakuli. Machicha yanatiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa tena, linatoka tui la pili, na nazi ikiwa nzuri hata la tatu. Tui jepesi ndilo linaloivisha mihogo na magimbi. Zito linaingia mwishoni, na hapo huondoki jikoni: unasimama na upawa, unateka na kumimina, unateka na kumimina mpaka lichemke, vinginevyo linakatika na mafuta yanaelea juu. Zito linalobaki ni la ndizi mbivu, pamoja na sukari na iliki. Kitabu kingeweka mihogo huku na ndizi kule. Kwetu ni kazi moja ya nazi zilezile, na mwenye kupika ndizi kabla ya mihogo atajikuta ameshamaliza tui zito kwenye kitu ambacho kingeridhika na kidogo. Kwa hiyo karatasi zake zinafuatana, na karatasi ya kwanza ya sehemu hiyo si pishi hata kidogo, ni ratiba: mbaazi ziroweke asubuhi, unga wa kaimati uumuliwe baada ya adhuhuri, katlesi ziviringwe kabla ya alasiri na zikaangwe dakika za mwisho, uji uteremshwe wa kwanza maana lazima upoe. Ratiba hiyo mama hajawahi kuiandika, na hajawahi kuikosea. Nyuma yake ziko karatasi za Idi, zikianza na visheti, ambavyo vinapikwa kumi la mwisho kwa sababu vinakaa.

Sehemu ya mzazi ni nyembamba, lakini ndiyo inayoazimwa kuliko zote. Sisi watu wa pwani mzazi tunampa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Mtori uliingia na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye kwao ni Machame. Alipojifungua mtoto wa kwanza mama yake alishuka na basi akiwa na gunia la ndizi mshare, akaweka kambi jikoni kwetu, na akina mama wa Ngamiani wakapita mmoja mmoja kuchungulia. Nyama yenye mifupa inachemshwa mpaka inakaribia kuachana na mfupa, ndizi zinaivia kwenye supu hiyohiyo, halafu zinapondwa mpaka zinalainika kabisa, ndipo nyama inarudishwa. Miaka ikapita. Mdogo wangu alipojifungua, mtu wa Tanga asiye na tone la Uchagga, kitu cha kwanza alichoomba ni mtori. Siku hiyo ukawa wetu. Karatasi yake imeandikwa kwa mwandiko wa wifi mwenyewe, na chini ameongeza onyo kwa wasiopata mshare sokoni: ndizi za kupika nyingine zinaweza kufaa, mzuzu hapana.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya nini kiingie na nini kisiingie. Pishi linaingia kwenye faili kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuliomba kwa jina lake. Kanuni hiyo ilifagia karatasi nyingi mno. Keki za majarida, mapishi yaliyokatwa kwenye pakiti za unga, saladi za matunda zenye krimu ambazo shangazi alizinakili kwa mwandiko mzuri na hakuna aliyezionja, zote zilitoka. Shangazi alinuna kidogo. Kaunta buku lake amerudishiwa likiwa zima, na biskuti zake tatu zimebaki kwenye faili kwa haki kabisa.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoishia njiani. Mwenye kupika anasema "unga vikombe vitatu", wewe unaandika vikombe vitatu, unafurahi, unakwenda zako. Kikombe gani? Cha mama ni cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, rangi imebanduka kwenye mkono, na kinakaa ndani ya pipa la unga, hakitoki. Nilikijaza maji mpaka pale anapoishia yeye, nikakipima kwenye mizani ndogo ya jikoni ya betri niliyoinunua Kariakoo. Maji ni rahisi kupimia kwa sababu mililita moja ina uzito wa gramu moja. Ukitoa uzito wa kikombe chenyewe, zilibaki gramu 320. Kikombe cha kupimia kinachouzwa madukani ni mililita 240 au 250. Kwa hiyo mtu akifuata "vikombe vitatu" kwa kikombe cha duka, robo nzima ya unga inakosekana.

Lakini subiri, maana jambo lenyewe lina mlango wa nyuma. Kama kila kitu kwenye pishi kinapimwa kwa kikombe kilekile, ukubwa wake hauna neno: utapata chakula kidogo zaidi, ladha ileile. Balaa linaanza pale kimojawapo kinapokuja na kipimo chake kutoka dukani. Binamu yangu anaishi Maskati, na mkate wa mchele ulikuwa unamshinda. Alikuwa anapima mchele vikombe viwili kwa kikombe cha duka, halafu anamimina kopo zima la tui, mililita 400, na pakiti ya hamira, kama alivyoambiwa na mama kwa simu. Mama naye alikuwa hamdanganyi: kwa vikombe vyake viwili, ambavyo ni karibu mililita 640 za mchele, kopo moja linatosha. Kwa 480 za binamu, uji ulikuwa mwepesi na hamira imezidi, mkate unapanda vizuri, unapendeza, halafu unakaa chini. Tangu tuandike gramu na mililita, mkate wa Maskati unasimama. Kwa hiyo popote kwenye faili palipo na kopo, pakiti, yai au nazi nzima, vilivyobaki vyote vimeandikwa kwa uzito.

Bibi alikuwa na vipimo vyake vya zamani zaidi, na baadhi vimo kwenye vikaratasi alivyoandikiwa na wajukuu: kibaba, kisaga, pishi. Kisaga ni vibaba viwili, pishi ni vibaba vinne. Wengi wetu pishi tunaikumbuka mara moja kwa mwaka, kwenye zaka ya fitiri, ambapo utasikia ikikadiriwa kilo mbili na nusu mpaka tatu za chakula. Ukigawa kwa nne, kibaba cha mchele kinaangukia kati ya gramu 625 na 750. Sisi tumekubaliana 700, imeandikwa ndani ya jalada la faili, na mjadala umefungwa. Fungu la sokoni ndilo lisilokubaliana na mtu. Fungu la mchicha la masika na la kiangazi ni vitu viwili, kwa hiyo mboga za majani tunaandika kwa uzito baada ya kuchambuliwa.

Mkono wa mama ulikuwa mgumu kuupima kuliko kikombe. Ukimwambia asimame uweke kibakuli kwenye mizani, anasimama, lakini hapo anaanza kufikiri, na akifikiri anatia kidogo kuliko kawaida. "Mwanangu, unanipimia kama nanunua," alisema, na mdalasini ukarudi koponi. Njia iliyofanya kazi ni kupima kopo la kiungo kabla hajaanza, kumwacha apike kwa raha zake, na kulipima tena akishamaliza. Tofauti ndiyo aliyotia. Haoni mizani, hasikii maswali, na wewe unapata namba ya kweli. Kwa mahamri ya kilo moja ya unga wa ngano alitumia sukari gramu 240, iliki ya kutwanga gramu 6, hamira gramu 10, samli vijiko viwili, chumvi ya kuonja, na tui karibu mililita 550.

Nasema karibu kwa sababu tui ndilo halipimiki kabla. Unga una siku zake, na hata hali ya hewa ya Tanga ina neno lake. Alikuwa anamimina kidogo kidogo, anakanda, anamimina, mpaka donge likaanza kuachia bakuli lenyewe na vidole vikatoka safi. Hicho ndicho kilichonifanya nigawe kila karatasi sehemu mbili kwa mstari wa wima: kushoto vipimo, kulia dalili. Kulia kwa mahamri kumeandikwa: donge liachie bakuli, likiumuka, ukilibonyeza kwa kidole shimo lirudi polepole, sukuma lisiwe jembamba kama chapati, tupa kipande kidogo kwenye mafuta, kikizama na kukaa chini bado, kikipanda papo hapo na mapovu tayari, ukishalitia, lichotee mafuta juu yake mara moja livimbe, likipiga wekundu haraka mno punguza moto, ndani bado bichi. Upande wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto karibu kila karatasi, na ndio watoto wanaousoma. Dalili zikiwa kamili, namba zikikosewa kidogo chakula kinaokoka.

Wali nao ulidai mstari wake. Mchele wa Kyela hauli maji sawa na basmati, na mchele mpya uliotoka shambani haunywi kama wa zamani. Ukiupa maji yaleyale unapata bokoboko. Kwa hiyo karatasi ya pilau haisemi tu maji kiasi gani, inasema mchele gani, na kwa mchele mpya inasema punguza, ongeza baadaye kwa kunyunyizia.

Kisha kuna moto. Mapishi mengi ya bibi yanadhani una jiko la mkaa na uwanja. Mkate wa mchele unapaliwa: sufuria juu ya makaa machache, sinia la bati juu yake, na makaa mengine juu ya sinia. Wajukuu wanaishi kwenye nyumba za ghorofa Dar, wanapikia gesi, na wenye nyumba hawataki kuona mkaa. Wala hali haitarudi nyuma. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo mwisho wake. Siyo jambo la kulilia, kwa yeyote aliyewahi kupuliza makaa mabichi akiwa amefunga. Ila pishi lisemalo "palia makaa juu" halimfai mtu asiye na makaa, na ukiliacha hivyo linakufa na aliyelijua. Tulikaa tukajaribu: sufuria nzito kwenye gesi ndogo kabisa mpaka pembeni pakauke na vitundu vitokeze juu, halafu inahamia kwenye oveni, moto wa juu, mpaka rangi ikolee. Mama alionja, akasema umekosa harufu ya moshi, akakata kipande cha pili. Njia zote mbili zimeandikwa, mkaa kwanza.

Shughuli ni sehemu ya mjomba. Yeye ndiye anayeitwa pilau ikiwa ya sufuria kubwa, ya kuni, uani, na wanaume wawili wa kugeuza. Nilikuwa nadhani hapa nitazidisha tu karatasi ya nyumbani, na yeye alinicheka kabla sijamaliza sentensi. Mchele unazidishwa, nyama unazidisha kwa kadiri ya mfuko wa mwenye shughuli, lakini viungo havifuati hesabu hiyo. Karafuu ukiizidisha kwa hamsini watu wataondoka midomo imekufa ganzi. Maji nayo yanapungua kwa uwiano, kwa kuwa sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke kama ndogo. Na vitunguu vinachukua muda ambao hakuna mtu wa nyumbani anaoujua: kilo nyingi pamoja zinatoa maji, zinachemka kwanza katika maji yake, ndipo zianze kukaangika. Anayekuwa na haraka hapo anapata pilau nyeupe. Karatasi za mjomba kwa hiyo zinajitegemea, zinaanza na idadi ya watu badala ya kilo, na anahesabu kwa masinia, watu watano au sita kila sinia. Bado hazijakamilika. Anataka nimfuate kwenye shughuli yenyewe, nishike mwiko, ndipo aseme.

Si kila mtu alifungua mkono, na sioni kosa. Mama mdogo anauza achari ya embe. Ndiyo iliyosomesha watoto wake, na nilipomwendea na daftari langu alinikaribisha, nikamwamkia, akaitikia, akanipa achari ya kutosha kwenda nayo Dar, na pishi hakutoa. Kwenye faili ipo karatasi yenye kichwa Achari ya Embe, na chini yake maneno mawili: mpigie ma'mdogo. Watu wanaona ni mzaha. Mimi naona ni sahihi kuliko kuandika ya kubahatisha na kuibandika jina lake. Pishi linalomlisha mtu halitupwi kwenye kundi lenye watu mia, nusu yao huwajui ni wakwe wa nani.

Kila karatasi ina jina la aliyetoa na mwaka ilipoandikwa, na kiungo chenye majina mengi kimeandikwa yote, maana ukimtuma kijana dukani Dar akaulize uzile anaweza kurudi mikono mitupu wakati binzari nyembamba iko mbele yake. Kwa wenye sukari, na kwetu hawakosekani, karatasi kama za mkate wa mchele na tambi zina vipimo viwili vya sukari, cha zamani na cha sasa. Cha sasa kimepatikana kwa kupunguza kidogo kidogo kila mara mpaka mtu mmoja alalamike, kisha kurudi hatua moja.

Kuhusu vifaa sina mengi. Boksi faili la stesheneri, makaratasi magumu ya rangi ya kutenganisha sehemu, na mifuko ya plastiki angavu, ile unayochomeka karatasi. Watu wengi wananishauri nizilaminishe. Sitaki. Karatasi iliyolaminishwa haiandikiki tena, na pishi la nyumbani linahitaji kalamu karibu: "Idi ya mwaka huu tumeongeza iliki", "kwa wageni 12 haikutosha". Mfuko unafutwa mafuta kwa kitambaa, karatasi inatolewa, inaandikwa, inarudi. Kalamu iwe bolpeni ya kawaida, ile ya wino wa maji ikipata tui inaondoka na maneno.

Simu ina kazi yake pia. Kila karatasi imepigwa picha, na picha ziko kwenye simu yangu, ya kaka, na kwa binamu Maskati, ili wizi wa simu moja usiwe msiba wa ukoo. Ujumbe wa sauti nimeutoa kwenye kundi na kuuhifadhi peke yake kwa jina lilelile la karatasi, kwa sababu kuna mambo ambayo mwandiko hauyawezi. Kwenye ule wa pilau mama anasema "sikia sasa", ananyamaza, na unasikia vitunguu vikiwa bado vina maji, vinavuma kwa sauti nzito. Dakika kadhaa mbele anasema tena "haya, sikia", na sauti imekuwa kavu, ya kuchakacha. Hapo ndipo nyama inaingia. Kwenye upande wa dalili nimeandika dakika za kusikiliza.

Faili linafunguliwa lote mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijatukuta, tunapanguza mifuko na kuangalia nani ameandika nini pembeni. Safari iliyopita mama mkubwa alikutwa ameongeza kwa kalamu nyekundu, upande wa dada yake, neno "nyanya" likifuatiwa na alama ya kuuliza. Wifi naye alikuja na karatasi mpya, kiburu, ndizi na maharage, imeandikwa vizuri, vipimo kushoto na dalili kulia. Mama aliisoma mpaka mwisho, akauliza kwani nani ameiomba. Wifi akasema, "Mimi, mama." Ikapigiwa kura, ikachomekwa nyuma ya mtori.